Joto la Kanda

Ukikaa na maprodusa wa chumbani hapa Nairobi kwa nusu saa tu, neno "joto" litakuja. Si joto la Januari wala la jiko. Ni joto la sauti. "Biti iko sawa, vokali ziko sawa, lakini manze, haina joto." Kila mtu anaitikia kwa kichwa kama ameelewa. Hakuna anayeuliza joto lenyewe ni nini. Halafu mmoja anatoa simu na kuonyesha plagini fulani, ati inaigiza mashine ya utepe ya miaka ya sitini, na iko kwenye ofa hadi saa sita usiku. Ofa hiyohiyo ilikuwa iishe jana usiku pia.

Mimi ni mmoja wao. Narekodi nyumbani, keja ya chumba kimoja Umoja, na vifaa vyangu vyote vinaingia kwenye begi la shule: laptopu ya mtumba, kadi ya sauti yenye matundu mawili, maiki moja ya kondensa, na hedifoni ambazo ngozi yake inabambuka na kunibaki masikioni. Nimeishi na swali la joto kwa miaka minne. Mwaka jana likaacha kuwa swali la ufundi peke yake, kwa sababu nilimrekodi bibi yangu, na sauti yake si kitu ninachoweza kukirekodi tena kila nikitaka. Nitamfikia. Kwanza tuelewane kuhusu joto.

Tuanze na baridi, maana wengi wetu tunanunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Tukisema sauti ni baridi, mara nyingi tunamaanisha mambo matatu yaliyoshikana. Maiki nyingi za kondensa za bei ya chini huinua sauti za juu, kwa hivyo kila "s" inachoma kama sindano. Chumba kina kuta tupu, sakafu ya vigae na mlango wa chuma, kwa hivyo sauti inagonga na kurudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Na kompyuta inaandika yote hayo kwa uaminifu, bila huruma. Digitali haijaongeza baridi yoyote. Imekuonyesha tu chumba chako kilivyo.

Ndiyo maana plagini yangu ya kwanza ilikuwa blanketi. Mablanketi mawili mazito ya Gikomba, moja nyuma ya anayeimba na jingine pembeni, godoro limesimamishwa ukutani, na mdomo uwe umbali wa shubiri moja kutoka kwenye maiki, ukielekezwa kando kidogo ili pumzi isipige moja kwa moja. Ukifanya hivyo, nusu ya baridi inaondoka kabla hujafungua laptopu. Plagini ya joto, iwe ya bure au ya bei ya kodi ya miezi miwili, haiondoi chumba kwenye rekodi. Itapasha moto hicho chumba tu.

Sasa utepe. Utepe wa sumaku ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga, mara nyingi wa oksidi ya chuma. Sauti ikishageuzwa kuwa umeme, kichwa cha mashine kinazipanga chembe za unga huo kwa nguvu ya sumaku. Lakini chembe zina kiasi chake. Zipe sauti ya wastani, zitaipokea karibu ilivyo. Zidisha, zinaanza kupunguza, kama mgeni anayeongezewa ugali: hasukumi sahani, anafanya tonge kuwa dogo. Vilele vya wimbi vinainama badala ya kukatika. Mafundi wanaita hali hii sachuresheni, na Kiswahili kina neno lake tangu zamani: kushiba. Kompyuta haina tabia hiyo. Inapokea kila kitu hadi mwisho wa kipimo, halafu inakata kichwa cha wimbi kama panga.

Wimbi likiinama linazaa mawimbi mengine, yanayoitwa hamoniki. Imba noti ya hezi 220. Kifaa kilichoshiba kitaongeza kwa mbali hezi 440, 660, 880 na kuendelea. Ile ya 440 ni noti yako mwenyewe, oktava moja juu. Ya 660 pia inakaa vizuri na noti yako. Saketi nyingi za vali hupenda kuongeza ile ya 440. Utepe huelemea zaidi ile ya 660. Sikio halizisikii kama noti mbalimbali. Linasikia sauti iliyojaa, yenye mwili, inayosikika hata kwenye spika ndogo ya simu. Juu ya hayo, utepe hupunguza makali ya sauti za juu na huinua besi kidogo. Kwa hivyo joto, ukilivua nguo, ni sauti iliyoharibiwa kwa adabu.

Hapo ndipo historia inapochekesha. Waliotumia mashine hizo walipigana na tabia zake kila siku. Mwaka wa 1965 Ray Dolby alianzisha kampuni London, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupunguza ule mvumo wa "sss" wa utepe. Nilimwonyesha mzee mmoja ninayemjua, fundi wa redio aliyestaafu, plagini yenye kitufe cha kuongeza mvumo huo. Aliitazama muda mrefu. "Sisi tulikesha tukiutoa," akasema, "nyinyi mnalipa urudi?"

Jibu langu, ambalo sikulisema pale, ni kwamba tunalipia kumbukumbu. Studio za zamani ziliendesha utepe kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, wakati mwingine maradufu ya hiyo, ili sauti itoke safi. Kaseti, ambayo Philips waliileta mwaka wa 1963, ilienda chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Sasa fikiria kaseti za nyumbani kwetu Mombasa: Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Les Wanyika, zote zimeandikwa majina kwa biro, nyingi ni nakala ya nakala. Kila nakala ilipunguza sauti za juu na kuongeza mvumo. Redio ikizitafuna, tulizivuta polepole na kuzirudisha kwa kalamu ya Bic. Sauti ambayo mwili wangu unaiita joto ni ya nakala ya nne, jikoni, samaki akikaangwa. Kina Daudi Kabaka na Fadhili William walipokuwa wakirekodi Equator Sound hapa Nairobi miaka ya sitini, sidhani kuna aliyetamani wimbo wake usikike hivyo.

Na kuna jambo jingine ambalo plagini haligusi. Zamani hizo nyimbo nyingi zilirekodiwa bendi ikipiga pamoja, chumba kimoja, gita likivuja kwenye maiki ya mwimbaji na ngoma zikivuja kila mahali. Watu walikuwa wakitazamana machoni. Ukichukua biti uliyoijenga peke yako saa nane usiku na kuipaka utepe, utapata utepe. Wale watu hutawapata.

Baada ya kusema hayo yote, bado nazitumia, na nazipenda. Ila sijawahi kuona sababu ya kutoa pesa nyingi. Hizi nne ziko kwenye laptopu yangu na hazijanigharimu hata ndururu.

Ya kwanza ni Saturation Knob ya Softube, kampuni ya Sweden. Ina kitufe kimoja kikubwa, na swichi ndogo ya kuchagua kama ulinde sauti za juu, za chini, au usilinde chochote. Ni nzuri kwa besi inayopotea kwenye spika za matatu. Ya pili ni IVGI ya Klanghelm, ya Ujerumani. Hii ndiyo ninayoiweka kwenye vokali, kidogo tu, kwa sababu inashibisha bila kujionyesha. Ya tatu ni CHOW Tape Model ya Jatin Chowdhury. Aliianza akiwa mwanafunzi Stanford, kwa kuichunguza mashine moja ya utepe ya Sony, TC-260, na kuandika hesabu za sumaku yake. Ina vitufe vingi, na kimoja kinaitwa Chew, yaani kutafuna. Nilipokigeuza mara ya kwanza nilicheka peke yangu: mtu ameketi akapiga hesabu ya kile redio yetu ilikuwa ikifanyia kanda za mama. Ya nne si moja, ni mamia: Airwindows, za Chris Johnson wa Marekani. Nyingi hazina picha wala rangi, ni majina na vitelezi tu. Anazitoa bure, na anayetaka kumshukuru anamchangia kwa Patreon.

Ukiwa huna programu ya kurekodia, Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, ambazo ni kama shilingi 7,800 ukihesabu dola moja kwa shilingi 130. Ndani yake mna vifaa vya kushibisha sauti tayari. Tangu M-Pesa ilete kadi ya GlobalPay mwaka wa 2022, hata asiye na kadi ya benki anaweza kulipa. Najua pia njia ile nyingine, programu zilizovunjwa zinazopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Nimeona laptopu ya rafiki ikifa nayo, na kazi ya miezi mitano ndani. Kwa vitu ambavyo mbadala wake ni wa bure, sioni kwa nini mtu ahatarishe mashine yake.

Mambo matatu ya matumizi, kisha niende Mombasa. Mosi, usiingize sauti ikiwa inapiga dari. Plagini nyingi za aina hii zimetengenezwa zikitarajia wastani wa desibeli 18 hivi chini ya kikomo. Ukizidisha sana zinavimbiwa. Pili, plagini ya joto karibu kila mara huongeza ukubwa wa sauti, na sikio hudhani kilicho kikubwa ndicho kizuri. Shusha tokeo hadi lilingane na sauti ya awali, halafu washa na uzime macho yakiwa yamefungwa. Mara nyingi utagundua ulichokuwa ukikipenda ni ukubwa. Tatu, kompyuta ikitengeneza hamoniki za juu kuliko uwezo wake, zinarudi chini kama vizuka, noti ambazo hakuna aliyeziimba. Plagini ikiwa na kitufe cha kuzidisha sampuli, mara 2, 4 au 8, kiwashe unapotoa kazi ya mwisho. Laptopu italia kidogo, lakini itamaliza.

Bibi yangu ana miaka 78, anaishi Kisauni, na ujana wake wote aliimba vugo. Kama hujaiona, vugo ni ngoma ya wanawake kwenye arusi za Waswahili: wanaimba wakipiga pembe za nyati au ng'ombe kwa vijiti. Sauti ya pembe ni kavu na fupi, inapasua hewa. Nyimbo zake zina mafumbo, nyingine ni za kuwachoma watu kwa jina lisilotajwa, na bibi anazijua beti ambazo mama hazijui, na mimi ndiyo kabisa. Kifua chake kimeanza kumsumbua. Mwaka juzi aliimba saa nzima kwenye arusi ya jirani. Mwaka jana, nyimbo mbili zikamkalisha chini. Binti ya mamangu mdogo alikuwa anakaribia kuolewa, na bibi akasema waziwazi kwamba siku hiyo huenda asiweze. Ndipo nikapanda SGR na begi langu.

Tulirekodi kati ya Adhuhuri na Alasiri, mtaa ukiwa umelala. Feni ilizimwa kwa sababu ya kelele. Godoro liliegemezwa kwenye dirisha, na mle ndani kukawa na joto la kweli, la jasho. Aliimba nyimbo kumi na moja kwa siku tatu. Niliweka maiki mbali kidogo na pembe na kuacha nafasi kubwa juu, maana pembe haitoi taarifa kabla ya kuruka. Katikati ya wimbo wa nne alikohoa, akanywa maji, akaendelea na ubeti uleule bila kuniangalia.

Nilirudi Umoja na kutengeneza matoleo matatu ya wimbo huo wa nne. La kwanza halikuguswa. La pili lilikuwa kanda kamili: utepe umeshiba, sauti za juu zimepungua, mvumo upo, na mwendo unayumba kidogo kama redio yenye betri zinazokwisha. La tatu lilikuwa na IVGI kidogo kwenye sauti, kidogo zaidi kwenye pembe, basi. Nikarudi nazo Mombasa mwezi uliofuata. Sikuwaambia ni lipi ni lipi. Nilitaka bibi achague, kwa sababu sauti ni yake.

La kwanza alilisikiliza akikunja uso. "Ni mimi," akasema, "lakini kali. Kama nagombana."

La pili lilianza, na mamangu mdogo, aliyekuwa amevaa upande mmoja wa hedifoni, akafumba macho. "Hii!" akasema. "Hii ndiyo yenyewe. Wallahi kama zile kanda za zamani." Machozi yakamlenga. Nami nilikuwa nikisikia hivyohivyo. Lilikuwa toleo zuri kuliko yote.

Bibi akazivua hedifoni na kuzishika mapajani.

"Huyu alokufa ni nani?"

Tukanyamaza wote wawili.

"Mama," akaniambia, na ananiita hivyo akitaka nisikilize, "kanda hizo nazijua. Wote walo ndani yake washaenda. Mimi nipo. Asubuhi nimekula mbaazi na mahamri. Kwani waniweka nao kwa haraka gani?"

Sijasoma hilo kwenye mafunzo yoyote ya sauti. Tunasema kanda inaipa sauti uhai, na mwanamke aliyeishi na kanda tangu ujana anasikia kifo ndani yake. Kwake mvumo ule ni orodha ya rafiki zake. Kwangu ni jikoni kwa mama. Kwa kijana wa miaka kumi na tisa aliyeipata plagini jana, ni mtindo tu, kama kichungi cha picha. Hesabu za sumaku ni zilezile kwa wote watatu.

La tatu alilisikiliza hadi mwisho. Vidole vyake vikaanza kugonga mkono wa kiti, pale pembe inapoingia. "Pembe imekaa," akasema. Kisha: "Na kikohozi umekiwacha."

Nikamuuliza kama anataka nikitoe.

"Kiwache. Wajue nalikuwa mgonjwa na nikaimba."

Toleo hilo ndilo lililopigwa kwenye arusi, na wanawake wakaliitikia kama kwamba yuko mbele yao, naye alikuwa mbele yao, ameketi kwenye kiti cha plastiki na leso mbili mabegani, akiwasahihisha walipokosea. Faili zilizorekodiwa siku ile, bila plagini, bila kukatwa, ziko kwenye flashi mbili, moja Kisauni na moja Umoja. Joto unaweza kuliongeza wakati wowote, hata miaka ishirini ijayo kwa programu ambazo hazijaandikwa bado. Ukishalichoma ndani ya faili ya pekee uliyo nayo, kulitoa ni kazi isiyowezekana. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua hapa, uwe huo.

Mamangu mdogo aliomba nimtumie lile la pili. Nilimpa. Analicheza jikoni kwa sauti ya chini, bibi akiwa amelala. Ni mamake, na anajiandaa kwa namna yake. Sina la kumwambia.

Wanawake wawili waliokuwa wakiimba na bibi zamani wamesikia habari. Mmoja ametuma ujumbe kuuliza kama ni kweli kuna mjukuu anayerekodi bila kumtia mtu uzee. Watakuja baada ya Idi, na pembe zao. Pembe tatu chumba kimoja zitahitaji nafasi nyingi zaidi juu, na maiki yangu ni moja tu. Nimeshanunua blanketi la tatu.